Lightroom Classic, darktable au digiKam: ipi inafaa picha zikikaa kwenye diski ya mtandao?

Wenye studio wa hapa Lubumbashi wakiniuliza programu ya kupangia picha, huanza na rangi: ipi inatoa ngozi vizuri, ipi ina vifungo vingi zaidi. Mimi huwauliza kwanza picha zao zinakaa wapi. Mwenye picha zote ndani ya kompyuta moja achague anayoipenda, hatasumbuka sana. Lakini studio nyingi sasa zina NAS, lile sanduku la diski linalokaa kando ya ruta na kutumiwa na kompyuta zote za nyumba. Hapo mambo hubadilika. Programu iliyokuwa tulivu inaanza kuganda, folda zinaota alama ya kuuliza, na harusi uliyoihariri jana inaonekana haipo.

Jumamosi moja jioni nilipigiwa simu na kijana wa studio moja ya komini ya Kenya, hapa hapa mjini. "Yaya, mapicha yote imepotea, tutamuambia nini mama wa bibi-arusi?" Nilipofika, NAS ilikuwa inawaka taa zake kama kawaida na picha zote zilikuwamo. Mchana kulikuwa na delestaji, yaani mgao wa umeme. Umeme uliporudi, ruta iliwaka upya na kuipa NAS anwani nyingine. Windows ilikuwa bado inabisha hodi kwenye anwani ya zamani, na diski Z ilikuwa na alama nyekundu ya X. Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Kwa bahati mbaya, kabla sijafika kijana alikuwa amejaribu kujisaidia: aliziondoa folda ndani ya katalogi ya Lightroom, lile faili la kumbukumbu yake, ili aziingize upya. Mafaili hayakuguswa. Ila uhariri wa picha karibu 400 ulikuwa unaishi ndani ya katalogi peke yake, na nakala ya mwisho ya katalogi ilikuwa ya wiki iliyopita. Alizifanya upya kwa usiku mbili.

Tangu siku hiyo nazipima programu hizi kwa jambo moja kabla ya mengine yote: diski ya mtandao ikitoweka ghafla, programu inajua kusubiri, au inaanza kusahau?

Kumbukumbu inakaa wapi

Kila programu ya namna hii ina vitu viwili: picha zenyewe, na kumbukumbu ya ulichozifanyia, yaani nyota, lebo, majina ya watu na hatua za uhariri. Tofauti kubwa ya hizi tatu iko kwenye hiyo kumbukumbu.

Lightroom Classic huiweka kwenye katalogi, faili moja lenye mwisho wa .lrcat. Ndani yake ni hifadhidata ya SQLite. Adobe wanaruhusu picha zikae kwenye diski ya mtandao, lakini katalogi hawairuhusu huko. Sababu yake inaeleweka. SQLite hutegemea kufuli za faili ili maandishi mawili yasigongane, na kufuli hizo haziaminiki zikipitia mtandao. Waya ukichomoka katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika lote. Nimewahi kukutana na watu waliofungua katalogi ya NAS kwa njia za mzunguko wakafanya kazi miezi kadhaa bila tatizo. Ni miezi ya bahati tu, na mji wetu unajua umeme unavyokatika.

darktable ina library.db, nayo ni SQLite, na hukaa kwenye folda ya mtumiaji ndani ya kompyuta yake. Lakini pamoja na hiyo, huandika faili dogo la XMP kando ya kila picha, kule kule kwenye NAS. Picha IMG_0412.CR2 hupata mwenzake IMG_0412.CR2.xmp, na humo mna hatua zote za uhariri, nyota na lebo. Kompyuta ikiungua, unaweka darktable kwenye nyingine, unaingiza folda, na kazi yako inarudi. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika programu hii, na ningependa kila mpiga picha wa mji huu alijue.

digiKam inakupa uchaguzi. Ukiacha mambo yalivyo, hutumia SQLite, na ushauri ni uleule: hifadhidata ikae kwenye diski ya ndani. Ukitaka, unaweza kuihamishia kwenye seva ya MariaDB, na seva hiyo inaweza kuwa kwenye NAS yenyewe, kwa kuwa MariaDB imetengenezwa kwa ajili ya mtandao. Lebo na majina pia zinaweza kuandikwa ndani ya picha au kwenye XMP, ila lazima uingie kwenye mipangilio ukague kwamba inafanya hivyo.

Lightroom nayo inaweza kuandika XMP. Unaiwashia kwenye mipangilio ya katalogi, au mwisho wa siku unachagua picha zote na kubonyeza Ctrl+S. Mimi napendelea hii ya pili kwenye NAS, maana kuandika kila badiliko papo hapo hufanya kazi kuwa nzito. Jua tu kwamba makusanyo uliyoyapanga na nakala pepe za picha haziingii kwenye XMP. Hizo hubaki kwenye katalogi. Na unapoinakili katalogi kwenda kwenye kompyuta mpya, chukua pia faili la .lrcat-data linalokaa kando yake, la sivyo maski ulizochora zinaweza kubaki nyuma.

Diski ikitoweka

Lightroom huweka alama ya kuuliza kwenye folda na alama ya mshangao kwenye picha, kisha husubiri. Haifuti kitu yenyewe. Hatari ni mtu aliye mbele yake, kama yule kijana. Ukiona alama ya kuuliza, usiondoe na usiingize upya. Rudisha diski, na folda zitajitambua. Kama jina la diski limebadilika kweli, bonyeza folda kwa kitufe cha kulia, chagua kutafuta folda iliyopotea, uionyeshe mahali papya. Folda za ndani zitaifuata.

Kisha kuna onyesho mahiri, zile Smart Preview. Ukizitengeneza wakati wa kuingiza picha, Lightroom inabaki na nakala ndogo yenye pikseli 2560 upande mrefu, kwenye diski yako ya ndani. NAS ikizimika unaendelea kuhariri. Ikirudi, kila kitu kinaungana. Unaweza hata kutoa picha za kumtumia mteja kwa WhatsApp kutoka kwenye nakala hizo. Za kuchapisha kubwa utasubiri.

darktable huonyesha fuvu pale ambapo picha haipatikani. Linatisha, lakini maana yake ni ileile: faili halionekani kwa sasa. Kumbukumbu haiguswi. Folda ikihama, unabonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia upande wa kushoto na kuionyesha mahali papya. Kwa kazi ya bila NAS, darktable ina nakala za ndani: unachagua picha, unaiambia izinakili kwenye kompyuta, na RAW nzima, yaani faili ghafi la kamera, inakuja. Ni nzuri kuliko Smart Preview kwa ubora, ila inakula nafasi. Nakala hizo hukaa kwenye folda ya kashe, yaani ya mafaili ya muda, kwa hiyo mwenye mazoea ya kuendesha programu za kusafisha kompyuta aache mazoea hayo.

digiKam ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi hapa, na nitakaa kidogo juu yake kwa sababu nimeona watu wakiumia. Unapoongeza mkusanyiko wa picha, inakuuliza aina: wa ndani ya kompyuta, wa diski ya kuchomoa, au wa mtandao. Chagua mtandao. Ukiandika NAS kama diski ya ndani, siku isipopatikana programu inaweza kuelewa vibaya. Kwenye Linux mtego ni mbaya zaidi. Tuseme NAS imeunganishwa kwenye folda /mnt/nas. Umeme unakatika, kompyuta inawaka kabla ya NAS, na /mnt/nas inabaki folda tupu. digiKam inaikuta ipo, inaikuta tupu, inaanza kuzihesabu picha kuwa zimefutwa. Ukija ukaendesha usafishaji wa hifadhidata siku hiyo, lebo za miaka zinaondoka.

Kinga yake ni rahisi: usiutegeshe mkusanyiko kwenye /mnt/nas. Utegeshe kwenye folda iliyo ndani ya NAS, mathalani /mnt/nas/picha. NAS isipounganishwa, folda hiyo haipo kabisa, na digiKam itasema mkusanyiko haupatikani badala ya kusema umefutwa. Halafu hakikisha lebo zinaandikwa kwenye picha au XMP. Hapo hata ikisahau, itakumbuka tena ikizisoma upya.

Kabla hujaibadilisha programu

Nusu ya simu ninazopigiwa kuhusu programu si za programu. Mtu yuko tayari kuhama kutoka Lightroom kwenda darktable kwa tatizo ambalo atalikuta huko pia. Jaribu kwanza kuifungua NAS kwa kawaida, kwa njia unayofungulia folda zote. Isipofunguka, programu haina kosa.

Kosa la kwanza ni anwani. Ingia kwenye ruta, uitengee NAS anwani ya kudumu. Kosa la pili ni herufi ya diski: kompyuta moja inaiita Z, nyingine Y, na katalogi ikihamishwa kati ya hizo mbili haioni kitu. Wape wote herufi moja. Kwenye Mac, diski iliyokatika vibaya wakati mwingine hurudi na jina lenye mkia, kama Picha-1, na programu inaitafuta Picha. Itoe diski, washa Mac upya, uiunganishe tena.

Windows nayo imebadilika. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, mwaka 2017, SMB1, itifaki ya zamani ya kufungulia diski za mtandao, haiwekwi tena kwa kawaida, kwa hiyo NAS kuukuu inayoijua SMB1 peke yake haionekani. Na Windows 11 Pro toleo la 24H2, la mwaka 2024, inakataa kuingia kwenye diski ya mtandao kama mgeni asiye na nywila, na inadai kila mawasiliano yatiwe sahihi. Wengi walisasisha kompyuta usiku na asubuhi "picha zimepotea". Usizime kinga hizo. Mfungulie kila mfanyakazi akaunti yenye nywila kwenye NAS na uisasishe NAS yenyewe.

Kuhusu mwendo, angalia waya. Katika studio moja karibu na katikati ya mji, Lightroom ilikuwa ikichukua sekunde kadhaa kufungua kila picha, na papa mwenye studio alikuwa ameshaamua kununua kompyuta mpya. Nikatazama swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao. Kwenye swichi yake, taa ya kijani ni mwendo wa gigabiti moja na ya manjano ni megabiti 100. Tundu la NAS lilikuwa la manjano. Nikaufuata waya kwa kidole, nikaukuta unapita chini ya mlango wa chuma, umebanwa mpaka umekuwa bapa kama utepe. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyuzi; jozi moja ikikatika, vifaa vinakubaliana kushuka hadi megabiti 100. Harusi ya picha 3000 za RAW, kila moja megabaiti 25, ni gigabaiti 75. Kwa waya mzima wa gigabiti, kuzinakili ni kama dakika 12. Kwa ule bapa ni karibu saa mbili. Tukapitisha waya mpya juu ya fremu ya mlango, taa ikawa ya kijani, na habari ya kompyuta mpya ikaishia hapo.

Mambo mawili ya mwisho hapa. Sisi tunaandika majina ya folda kwa Kifaransa, na herufi zenye alama zinasumbua: Février iliyoandikwa na Mac na Février iliyoandikwa na Windows zinaweza kuwa maneno mawili tofauti machoni pa NAS, ingawa machoni petu ni moja. Andika Fevrier, au bora 2025-02. Jambo la pili ni saa ya NAS. Isiyo na intaneti na betri yake ndogo imekufa hurudi nyuma miaka kila umeme unapokatika. darktable, ukiiwashia ukaguzi wa XMP inapofunguka, hulinganisha tarehe za mafaili na za hifadhidata yake ili ijue lipi jipya. Saa ikidanganya, itakuuliza maswali ya ajabu, na ukijibu vibaya unarudisha uhariri wa zamani juu ya mpya.

Watu wawili kwenye harusi moja

Hapa Lightroom Classic inashindwa waziwazi. Katalogi moja hufunguliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Studio yenye wahariri wawili inalazimika kugawa: wewe ndoa ya kanisa, mwenzako sherehe ya jioni, kila mtu na katalogi yake, halafu mnaunganisha. Inawezekana, lakini inataka nidhamu. (Umeme ukikatika Lightroom ikiwa wazi, hubaki faili la .lrcat.lock linaloizuia kufunguka. Hakikisha Lightroom imefungwa kabisa, kisha lifute hilo peke yake. Ukiona mafaili mengine kando ya katalogi yenye majina ya -wal au -journal, usiyaguse: humo mna data ambayo katalogi inaihitaji ili ijirekebishe.)

darktable inaliweza vizuri zaidi. Kila mtu ana library.db yake, wote wanasoma XMP zilezile za NAS. Mkiwasha ule ukaguzi wa XMP na kukubaliana nani anagusa picha zipi, mnafanya kazi bega kwa bega, na asubuhi kila mmoja anaona kazi ya mwenzake. Wakigusa picha ileile wakati mmoja, wa mwisho kuandika ndiye anayebaki.

digiKam na MariaDB huwapa wote kumbukumbu moja, jambo zuri kwa kutafuta. Mimi hata hivyo huwaambia waweke lebo kwa zamu.

Fedha na intaneti

Lightroom Classic ni ya kulipia kila mwezi au mwaka, kwa kadi ya benki, na lazima iiulize seva ya Adobe mara kwa mara: anayelipa kwa mwezi anaweza kukaa siku 30 bila intaneti, wa mwaka siku 99. Ukiacha kulipa, katalogi bado inafunguka na picha unaziona, ila sehemu ya kuhariri inafungwa. darktable na digiKam ni za bure, kabisa.

Wapo ambao bado wanatumia Picasa. Google waliiacha Machi 2016. Naelewa mapenzi yake, ilikuwa nyepesi, lakini usiiwekee NAS mpya. Na kama unachotaka ni familia au wateja watazame picha kwa simu, kuna programu zinazoishi ndani ya NAS yenyewe, kama Synology Photos au Immich. Kwa kutazama ni nzuri sana. Kuhariri RAW si kazi yake.

Nichague ipi?

Mpiga picha mmoja mwenye kadi ya kulipia, anayehariri peke yake na kutaka haraka: Lightroom Classic, katalogi kwenye SSD ya ndani, Smart Preview kwa kila harusi, Ctrl+S jioni, na nakala ya katalogi iende NAS kila anapofunga. Kwa kasi ya kupitia picha 3000 na kuchagua 400, sijaona kati ya hizi tatu inayoishinda.

Studio ya vijana wawili au watatu, umeme wa kubahatisha, fedha kidogo: darktable, bila kusitasita. Itawachukua wiki kadhaa kuizoea, maana vifungo vyake vina njia yake, lakini kazi yao itakuwa imeandikwa kando ya kila picha, na kompyuta moja ikiungua haiondoki nayo.

Parokia, shule, chama au familia yenye picha za miaka 40 zilizoskaniwa, inayotaka kumpata babu kwa jina lake: digiKam. Inatambua nyuso, inabeba lebo nyingi, na inatafuta vizuri. Uhariri wake ni wa kawaida, nao hawauhitaji sana.

Yoyote utakayochagua, nunua onduleri, ile betri ya akiba, na uichomeke NAS, ruta na swichi zote pamoja. Wengi huilinda NAS na kuiacha swichi, kisha wanashangaa diski imewaka lakini haionekani.

Halafu ifanyie jaribio hili kabla ya harusi ya kwanza. Weka picha 20 kwenye NAS, ziingize, zipe nyota, hariri tano. Chomoa waya wa mtandao programu ikiwa wazi. Angalia inasema nini. Ifunge, ifungue tena waya ukiwa nje, iangalie tena. Rudisha waya, ufungue mara ya tatu, uhesabu nyota zako moja moja. Zikitimia 20, lete kadi ya kamera.